Mipaini ya Appling na Visahani Vilivyopotea

Usiku wa Septemba 26, 2024, kimbunga Helene kilitua kwenye pwani ya Florida kikiwa cha daraja la 4, kisha kikapanda kaskazini bila kuishiwa nguvu upesi kama wengi walivyotarajia. Alfajiri yake kilikuwa juu ya Augusta, mji wa mashariki mwa Georgia ulio mbali na bahari kiasi kwamba wenyeji wake wamezoea kuwapokea watu wanaokimbia vimbunga, si kukimbia wao wenyewe. Mvua zilizotangulia zilikuwa zimelainisha udongo. Upepo ulipofika, ukivuma kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, uliikuta mipaini imeshikilia tope. Baadaye idara ya misitu ya jimbo hilo ilikadiria kuwa karibu ekari milioni 9 za misitu ya mbao ziliathirika, na hasara ya mbao peke yake ilizidi dola bilioni 1.

Mwandishi wa makala haya alizipata habari hizo akiwa Iringa, kupitia kundi la WhatsApp la watu aliokaa nao Georgia miaka kadhaa. Kwa siku nzima watu waliulizana habari za ndugu: nani hana umeme, nyumba ya nani imeangukiwa. Alipokwisha kuhakikisha kwamba wote wako salama, alimwandikia rafiki yake mmoja kando, nje ya kundi, swali ambalo aliona haya kuliuliza mbele ya watu: na ile miti ya Appling je?

Jibu lilikuja fupi. "Batu bote bazima, mukubwa. Miti sijui."

Rafiki huyo ni mtu wa Kivu Kusini aliyepitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Walikutana Clarkston, mji mdogo pembeni mwa Atlanta ambao kwa miongo mingi umekuwa ukipokea wakimbizi kutoka kila upande wa dunia, na ambamo Kiswahili husikika dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi. Wote wawili walifanya kazi zamu ya usiku katika ghala moja la vyakula vya baridi. Mfanyakazi mwenzao, Mmarekani aliyekuwa akihamia jimbo jingine, ndiye aliyewaachia mfuko wa kitambaa wenye visahani vitatu vya plastiki na maelezo ya nusu dakika. Wakawa wakitoka kazini asubuhi wanapitia bustani ya umma iliyo njiani, wanarusha kidogo, ndipo wanakwenda kulala.

Gofu ya visahani haina mengi ya kueleza. Badala ya mpira na fimbo kuna kisahani. Mchezaji hukirusha kutoka kwenye sakafu ndogo ya zege, hukifuata kilikoangukia, hurusha tena kutoka hapo hapo, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Aliyetumia mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Visahani vyenyewe si vile vya watoto ufukweni. Vile vya masafa ni vidogo, vizito, vina ukingo mkali; kanuni zinaruhusu uzito wa gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo chenye kipenyo cha sentimita 21 huishia kwenye gramu 175 hivi. Kikimpiga mtu, huumia. Ndiyo maana jambo la kwanza analofundishwa mgeni si namna ya kurusha bali namna ya kupiga kelele ya kuwaonya walio mbele.

Bustani ile ya asubuhi ilikuwa wazi, nyasi tupu na miti ya kuhesabika. Vijana wawili wenye mabega yaliyozoea kubeba makasha walijiona wameuvumbua mchezo wao. Kwenye uwanja wa wazi nguvu ni mtaji halali: ukirusha mbali, hata ukipotoka, mrusho wa pili unakusamehe. Baada ya miezi michache walikuwa wakiwashinda watu waliocheza miaka, na rafiki wa Kivu alianza kusema kwamba labda wameipata kazi ya kuwatoa ghalani. Mzaha huo haukuwa mzaha mtupu. Mapema mwaka 2021 ilikuwa imetangazwa kwamba Paul McBeth, bingwa wa dunia mara kadhaa, amesaini na kampuni ya Discraft mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10. Zamu ya usiku kwenye baridi ina namna yake ya kumfanya mtu azisome habari za aina hiyo mara mbili mbili.

Ni katika hali hiyo ya kujiamini ndipo walipoamua kwenda Appling.

Barabara kuu namba 20 inaondoka Atlanta kuelekea mashariki, na kwa mwendo wa saa mbili na ushee inakufikisha karibu na Augusta. Jina la mji huo linajulikana na kila anayefuatilia gofu ya kawaida: ndipo kilipo kilabu cha Augusta National, kinachoandaa mashindano ya Masters, yaliyoanza mwaka 1934 na ambayo kwa kawaida hufanyika Aprili, na ambacho mtu wa kawaida haoni zaidi ya ua wake. Appling iko kaskazini magharibi mwa Augusta, kwenye Columbia County. Hapo, ndani ya Wildwood Park, kandokando ya ziwa Clarks Hill lililotokana na kuzuiwa kwa mto Savannah mpakani na South Carolina, unalipia gari dola chache langoni na msitu ni wako hadi jioni. Wapenzi wa usawa wa binadamu wangefurahi kuziona sehemu hizo mbili kwa siku moja.

Humo ndimo yalimo makao makuu ya PDGA, chama cha wachezaji wa mchezo huu, kwenye kituo kilichofunguliwa mwaka 2007. Kina viwanja vitatu na jumba dogo la makumbusho lenye jina la Ed Headrick. Headrick alikuwa mtu wa kampuni ya Wham-O huko California, iliyokuwa ikiuza frisbi, na ndiye aliyeuokoa mchezo huu na ubishi. Zamani watu walikuwa wakilenga mti, nguzo ya taa au pipa la takataka, na kila safari waligombana: kimegusa, hakikugusa. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge; mwaka uliofuata akaanzisha PDGA; mwaka 1977 akapewa hataza ya kikapu cha minyororo. Minyororo hula kasi ya kisahani na kukiangusha chini kikapuni, na sauti yake inamaliza kesi.

Headrick alifariki mwaka 2002. Kwa matakwa yake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa na plastiki na kutengenezwa visahani. Rafiki wa Kivu alipoelezwa habari hiyo alinyamaza kwa muda, akakiangalia kisahani alichokuwa amekishika mkononi, kisha akauliza kwa upole kama kuna mtu amewahi kumpoteza mzee huyo porini.

Kati ya viwanja vile vitatu, kilichowavuta ni kile kinachoitwa W.R. Jackson, kirefu na kilichozama kwenye miti. Mwandishi ni mzaliwa wa Mufindi. Amekulia pembeni mwa shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini Tanzania, na paini kwake ilikuwa mbao, nguzo, ada ya shule, moshi wa tanuri la mkaa. Hakuwahi kuifikiria kama mpinzani. Aliposimama kwenye sakafu ya kwanza na kuutazama ujia uliokuwa mbele yake, aliona kitu alichokifahamu tangu utotoni: shina baada ya shina, udongo mwekundu, zulia la majani makavu kama sindano. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii alitakiwa kupitisha kitu katikati.

Mrusho wake wa kwanza ulikwenda mita 10. Ulitoka mkononi kwa nguvu zote za ghala, ukaukuta mti wa pili kushoto, ukarudi karibu na miguu yake. Wa rafiki yake ulifika mbele kidogo, ukadunda kati ya miti miwili kwa sauti mbili kavu, ukatokomea kwenye vichaka. Hesabu yake ni rahisi mtu akikaa kuipiga, ingawa mwandishi aliipiga usiku, mapumziko ya kazini, kwenye karatasi ya kufungia boksi. Mwanya wa mita 2 kati ya miti miwili iliyo umbali wa mita 20 unakupa nafasi isiyofika nyuzi 6. Mwanya huo huo ukiwa mita 60 mbele, unabaki na chini ya nyuzi 2. Katika bustani ya Clarkston, kupotoka nyuzi 6 kwenye mrusho wa mita 100 kulikuwa kunampeleka mita 10 tu pembeni ya kikapu, huku akicheka na wenzake. Hapa kulimrudisha miguuni.

Na kisahani hakiendi moja kwa moja hata ukikirusha bila kosa. Kinachorushwa kwa mkono wa kulia, kwa mtindo wa kuvuta kutoka kifuani, huzunguka kwa mwelekeo wa saa. Kikiwa na kasi huelekea kulia au hunyooka, na kasi ikiisha huangukia kushoto. Kwa hiyo njia inayotafutwa msituni ni mkunjo, si mstari. Mchezaji mzuri huuona mkunjo huo hewani kabla ya kuurusha, na huchagua kisahani kinachofuata mkunjo wa ujia, si kile kinachokwenda mbali zaidi. Wao walikuwa na visahani vitatu tu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya masafa.

Wachezaji wa Marekani wana msemo wa kujifariji kwamba mti ni hewa kwa asilimia 90. Anayeusema mara nyingi ni yule ambaye kisahani chake kimepita. Kwenye W.R. Jackson majani yanaweza kuwa hewa, lakini mashina hayana habari na msemo huo, na kwa vile paini hupukutisha matawi yake ya chini kadiri inavyokua, urefu ambao kisahani hupita ndio huo huo ambao mti umebaki gogo tupu.

Karibu na katikati ya uwanja walikutwa na mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akicheza peke yake na mkoba mdogo begani. Walimpisha apite, kama adabu ya mchezo inavyotaka, naye akawaalika waende pamoja. Mwandishi alimkadiria miaka sabini na kitu. Hakurusha hata mara moja kwa nguvu. Kwenye ujia ambao wenzake walivuta pumzi na kukimbia hatua tatu kabla ya kuachia, yeye alisimama tu, akatoa kisahani chenye ukingo butu ambacho wengine hukiweka kwa ajili ya kulenga kikapu, akakisukuma mita 50 hivi mpaka kwenye kijisehemu cha wazi. Kisha akatembea. Kisha akasukuma tena.

Rafiki wa Kivu, aliyekuwa ameanza kumwita Bibi kwa Kiswahili bila ya yeye kuelewa, alimuuliza kwa Kiingereza chake siri yake ni nini. Mama akamjibu kwa swali: kabla hajarusha, huwa anajua akikosa angependa akosee upande gani? Akawaonyesha ujia ulio mbele. Kushoto palikuwa na mteremko na vichaka. Kulia palikuwa na miti mingi lakini chini yake peupe. Yeye, alisema, humpa kila mti wa kulia ruhusa ya kumgonga. Wa kushoto hampi hata mmoja. Wale vijana wawili walikuwa wakisimama mbele ya msitu na kujiuliza swali moja tu, kitapita au hakitapita, na msitu ukiulizwa hivyo huwa hauna jibu zuri.

Mwandishi amewahi kusikia ushauri wa aina hiyo ukitolewa kuhusu fedha, ndoa na siasa, na mara nyingi humchosha. Pale ulikuwa na faida kwa sababu ulihusu kichaka kilichokuwa kikionekana.

Kuna shimo moja la siku hiyo, kama kila kikapu na ujia wake vinavyoitwa, analolikumbuka kuliko mengine, ambalo kisahani chake kiliingia ndani ya kundi la miti michanga. Kanuni ni kali kuhusu mahali pa kusimama: mguu mmoja lazima ukanyage ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, nyuma tu ya kisahani kilipotua, na mchezaji haruhusiwi kuvunja tawi linalomkera. Mbele yake hapakuwa na njia. Aliona tundu moja kati ya matawi, la ukubwa wa dirisha la choo, na akaanza kupinda mgongo kulilenga. Mama alikohoa. Akaonyesha kwa kidevu upande, karibu na nyuma walikotoka, ambako mrusho wa mita 8 ungemrejesha kwenye ujia. Mwandishi alirusha huko. Ni mrusho mdogo na mnyonge kuliko yote aliyowahi kuifanya, na kwa maoni yake ndio ulioanza kumfanya mchezaji.

Wazee wa kazi hii wanakubaliana juu ya jambo hilo: uwanja wa wazi hupima mrusho bora wa mtu, uwanja wa miti hupima mrusho wake wa pili. Ubishi mkubwa wa mashindano ya miaka ya karibuni umekuwa hapo hapo. Baadhi ya viwanja vya ziara ya kulipwa huwekwa juu ya viwanja vya gofu ya kawaida, kwa sababu vina nafasi ya watazamaji, maegesho na kamera. Wanaopenda msitu hulalamika kwamba hapo hushinda mikono mirefu. Wanaopenda uwazi hujibu kwamba msituni kuna bahati nyingi: visahani viwili vinagonga mti mmoja, kimoja kinadunda kuingia ujiani, kingine kinazama kwenye miiba. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila bahati ya mti mmoja hufutwa na miti mia, na aliyecheza raundi nzima Appling hawezi kusema kwa moyo mkunjufu kwamba alishindwa kwa bahati.

Aprili 2022 ubishi huo ulipata mfano mzuri. PDGA ilizindua shindano jipya la daraja la juu kabisa, Champions Cup, likapangwa W.R. Jackson wiki moja tu baada ya Masters kumalizika pale jirani Augusta. Mwandishi na rafiki yake hawakuweza kupata ruhusa kazini, wakaangalia matangazo kwenye simu, wamejibanza kwenye chumba cha mapumziko na makoti ya baridi mwilini. Walikuwa wakitambua miti. "Ule ni wangu," alisema rafiki mara kwa mara, na alipomwona mchezaji maarufu akiugonga ule ule na kusikia ule mlio, alifurahi kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Upande wa wanaume alishinda Chris Dickerson wa Tennessee, mtu mtaratibu aliyekulia kwenye viwanja vya misitu. Upande wa wanawake alishinda Paige Pierce. Kilichomshangaza mwandishi ni mara ngapi mabingwa walichukua kisahani cha kati mahali ambapo yeye alikuwa akichukua cha masafa, na mara ngapi walikubali kurusha kando, bila hasira, kama mama yule.

Mchezo uliowapa watu hamu ya kutazama ulikuwa wa mwaka uliotangulia. Juni 2021, huko Ogden, Utah, James Conrad alikuwa nyuma ya McBeth kwa mrusho mmoja kwenye shimo la mwisho la ubingwa wa dunia. Akiwa futi 247 kutoka kikapuni, yaani mita 75, akarusha, kisahani kikajikunja na kuingia. Wakaenda kwenye shimo la ziada, Conrad akashinda. Picha hizo zilizunguka dunia. Ghalani Clarkston ziliwafanya hata watu wasiojua mchezo wasimame. Mwandishi anazipenda, lakini anashuku kwamba zimewapeleka vijana wengi msituni kutafuta tundu la dirisha la choo.

Upande mwingine wa Appling ni kutafuta vilivyopotea. Kanuni zinatoa dakika 3. Zikipita, kisahani kinahesabiwa kimepotea, unaongezewa mrusho mmoja na kurudi ulikorushia. Nje ya mashindano dakika hizo hurefuka. Msitu wa Georgia una kupe, una mmea unaoitwa poison ivy ambao ukigusa ngozi huiwasha kwa wiki nzima, na una nyoka aina ya copperhead mwenye rangi ya majani makavu ya kule kule anakolala. Rafiki wa Kivu, aliyevuka mengi maishani mwake, alikuwa na msimamo juu ya nyoka: kisahani kilichoingia kichakani baada ya saa kumi jioni ni sadaka. "Ile miti iko nakuonea, mukubwa," alimwambia mwandishi siku moja kisahani cha tatu kilipotoweka. "Twende nyumbani."

Kisahani hicho kilirudi. Ni desturi ya wachezaji kuandika namba ya simu upande wa chini kwa wino usiofutika, na miezi kadhaa baadaye simu ililia mchana, mwandishi akiwa usingizini. Mzee mmoja mwenye lafudhi nzito ya kusini alikuwa amekiokota alipokuwa akitafuta chake, na alitaka anwani ya posta. Alipoambiwa atumiwe gharama, alicheka na kukata simu. Hawakuwahi kuonana. Katika nchi ambayo mwandishi aliishi muda mrefu bila kujuana na jirani wa ghorofa yake, hicho ndicho kitu kilichomfanya aanze kuokota vya wengine na kupiga simu.

Aliporudi Tanzania alibeba visahani kadhaa, na likizo moja akavipeleka Mufindi. Wapwa zake walivizoea ndani ya nusu saa. Walivirusha kwenye shamba la paini la mjomba wake, lililopandwa kwa mistari, mti na mti karibu mita 3. Mwandishi alitarajia Appling ndogo. Haikuwa hivyo. Kwenye shamba la kupandwa, ujia wote ni mmoja: umenyooka kama korido ya hospitali, kulia na kushoto ni sawa, na hakuna la kuchagua. Aliyerusha sawa alipita, aliyepotoka aligonga, basi. Hapo ndipo alipoelewa kazi ya mtu anayebuni uwanja kwenye msitu wa asili. Hakati njia kwanza. Hutafuta miti inayouliza maswali, huu unaoziba mkono wa kulia, ule unaomlazimisha mtu kuamua kama apite chini au juu, kisha huondoa iliyobaki kwa uchache. Vikapu huja mwisho kabisa.

Mjomba, mzee anayejua bei ya kila mti wake, alisimama na fimbo akitazama.

"Kamwene," alisema, akiwasalimu wote kwa pamoja. Kisha akamgeukia mwandishi. "Mwanangu, huko Marekani wana msitu, hawakati mbao, wanaupiga sahani?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na unawalipa?"

"Tunaulipia sisi."

Mzee alitikisa kichwa na kwenda kuangalia maganda ya miti yake kama hayajachunwa. Alikuwa na haki. Viwanja vingi vya msituni vinasumbuliwa na jambo hilo hilo. Mti ulio karibu na sakafu ya kurushia hupigwa mara nyingi kwa siku, kila siku, na ganda likishatoka, wadudu na ukungu huingia. Udongo wa ujiani hukanyagwa mpaka mizizi inabaki wazi. Baadhi ya viwanja hufunga nguzo au mikeka kwenye mashina yaliyo mbele, na humwaga vipande vya mbao ardhini. Mti unaolipa shimo lake ugumu ndio unaouawa na ugumu huo.

Augusta National wenyewe wana kisa cha mti wa namna hiyo, nao ulikuwa paini pia, aina ya loblolly. Ulisimama kushoto mwa shimo la 17, na Rais Dwight Eisenhower, aliyekuwa mwanachama, aliugonga mara nyingi kiasi kwamba mwaka 1956 alisimama kwenye kikao cha kilabu na kuomba ukatwe. Mwenyekiti, Clifford Roberts, hakutaka kumkatalia rais wa nchi, akafunga kikao. Mti ukabaki na jina la Eisenhower hadi Februari 2014, dhoruba ya barafu ilipouvunja na ukaondolewa. Kilabu kilihifadhi vipandikizi vyake, kikapeleka kipande cha shina kwenye maktaba ya rais huyo huko Kansas, lakini pale uliposimama hawakuweka mwingine. Shimo la 17 likawa shimo jingine.

Helene ilikirudia kisa cha mti ule mara maelfu. Wiki kadhaa baadaye rafiki wa Kivu aliendesha hadi upande ule, akatuma sauti ndefu ya WhatsApp akitembea kandokando ya msitu. Alisema mahali pengine magogo yamelaliana huwezi kupita, na pengine jua linafika chini ambako hakuwahi kuliona. Alisema kuna mti wake mmoja umelala na mizizi juu, mrefu kuliko yeye, na kwamba alitarajia kufurahi.

Tangu hapo wawili hao wana mabishano ambayo hayajaisha. Rafiki anaona kwamba penye mianya mipya vikapu visogezwe nyuma, mashimo yawe marefu, kwa sababu paini ya kukua hadi kuziba ujia huchukua miaka 20 na zaidi, naye hana miaka hiyo ya kusubiri. Mwandishi anataka vikapu vibaki, miche ipandwe, na magogo machache yaachwe pale yalipoangukia ili yaulize maswali ya aina nyingine. Ametuma michoro. Amemkumbusha mama mwenye mvi. Rafiki anasikiliza sauti zote hadi mwisho, halafu hujibu kwa hoja moja ambayo mwandishi hajaipatia dawa: yeye yuko saa mbili kutoka Appling, na mwenye michoro yuko Iringa.